Uzi wa wanaojenga: fukia pesa chini kwanza, marumaru zitasubiri

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa wale wanaojenga wenyewe, hatua kwa hatua, pesa inavyopatikana, na kusimamia mafundi wao bila mkandarasi. Nyumba yangu ya kwanza nimeishi humo miaka sita. Sasa naanza ya pili, ya mama yangu, na kabla sijachimba hata koleo moja nimejiwekea sharti: vitu vinavyofukiwa vilipiwe kwanza na vikaguliwe kwanza. Mlango ukikuchosha unabadilisha. Rangi unapaka upya. Sinki linang'oka kwa nusu saa. Lakini msingi, nondo zilizo ndani ya zege, nailoni iliyo chini ya jamvi (zege la sakafu ya chini), bomba la maji taka lililo chini ya sakafu, hivyo ukivikosea dawa yake ni nyundo na kubomoa.

Nieleze nilivyofika hapo. Mwaka wa tatu ndani ya nyumba ile, ukuta wa nje wa chumba cha kulala ulianza kutoa unga mweupe kama chumvi. Lipu ikavimba, rangi ikabanduka, yote chini ya usawa wa goti. Fundi wa kwanza akakwangua, akapiga lipu mpya, akapaka rangi ya kuzuia maji. Baada ya miezi minane tatizo likarudi, na safari hii likapanda juu ya pale lilipoishia mwanzo. Fundi wa pili, mtu mzima, hakugusa mwiko kabisa. Alitoka nje, akachuchumaa, akaniuliza: "Hii baraza uliimwaga lini?"

Niliimwaga mwaka wa pili, zege kuzunguka nyumba nzima ili matope yasiingie ndani. Mzee akachimbua kidogo kwa patasi kwenye ukingo wa ukuta, akaniita nione. Ile karatasi nyeusi ya DPC, iliyolazwa juu ya msingi ili unyevu wa ardhini usipande kwenye tofali, ilikuwa sentimita nne chini ya uso wa baraza yangu. Inatakiwa iwe angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Nilikuwa nimeinua ardhi ikaipita karatasi, maji yakapata njia ya kupanda upande wa pili wake. Na ile rangi ya kuzuia maji ilizidisha, kwa sababu unyevu ulizibiwa pa kutokea ukatafuta mahali pa juu zaidi.

Tulikata baraza, tukaweka mfereji wa kokoto kuzunguka kuta, tukang'oa lipu hadi usawa wa kiuno na kuuacha ukuta ukauke miezi kadhaa. Mkewangu na watoto walihamia sebuleni muda wote huo. Kosa la sentimita 19 tu.

Karibuni wenye uzoefu, mafundi na wahandisi. Naomba tuanze na udongo na msingi, maana kiwanja cha mama kina udongo mweusi unaopasuka jua likiwaka.

Mwiko na Timazi

Mkuu, umeanza pazuri. Mimi ni fundi mwashi, nimeshika mwiko zaidi ya miaka ishirini.

Udongo mweusi unaopasuka usiuchukulie kama udongo mwingine. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unasinyaa, na kila ukifanya hivyo unaisukuma nyumba juu na kuishusha. Haiishushi sawasawa: kona iliyo karibu na mti au karibu na bomba linalovuja hucheza kivyake. Ndipo unaona ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha kwenda juu au chini. Ukiuona huo, usimwite mpaka rangi, mwite mtu wa kuangalia msingi.

Kwanza chimba mashimo mawili matatu ya majaribio, kila moja mita moja na nusu hadi mbili, katika kona tofauti za kiwanja. Usichimbe moja. Nimewahi kukuta kiwanja kimoja upande huu mwamba, upande ule kifusi cha takataka kilichofukiwa zamani, na mwenye kiwanja hajui. Ukikuta tabaka jeusi ni jembamba na chini yake kuna udongo mgumu, unalitoa lote au unashusha msingi hadi kwenye ule mgumu. Likiwa nene sana, hapo si kazi yangu tena wala ya fundi mwenzangu, ni ya mhandisi. Atakuambia kama ni msingi wa zege la nondo chini ya nyumba nzima au nguzo zilizounganishwa kwa mihimili. Malipo yake hayafiki hata sehemu ndogo ya gharama ya kubomoa.

Kingine ni maji. Kwenye udongo huo maji ya paa yasimwagike mguuni mwa ukuta. Yaongoze mbali. Na miti mikubwa iwe mbali.

Mama wa Boma

Shikamoo fundi. Mimi nimefika kwenye boma, yaani kuta zimesimama bila paa, nasubiri kupaua. Nina swali ambalo linaninyima usingizi. Fundi wangu alikataa kuchimba zaidi ya sentimita sitini, akasema nyumba ya jirani imejengwa hivyo na imesimama. Nikakubali. Sasa ufa mwembamba umetokea juu ya mlango wa jikoni. Nitajuaje kama ni wa hatari?

Mwiko na Timazi

Marahaba, dada. Kila ukuta hupasuka kidogo, nywele nywele, hasa lipu inapokauka. Cha kuangalia ni kama ufa unatembea. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zake zote mbili, andika tarehe palepale ukutani. Kisha paka kiraka kidogo cha plasta juu ya ufa, chembamba, upana wa vidole viwili. Kiraka kikipasuka baada ya wiki kadhaa, nyumba bado inacheza. Ufa ukiwa mpana juu kuliko chini, au ukiweza kuingiza sarafu, usipaue kwanza. Ita mhandisi kabla hujaweka uzito wa paa.

Angalia pia lenta ya mlango huo, ile boriti ya zege inayopita juu yake. Inatakiwa iingie ukutani angalau sentimita 20 kila upande. Wengine huishia palepale ukingoni mwa mlango, na tofali la pembeni linabeba uzito wote kwa upana wa kiganja.

Na huo msemo wa "jirani amejenga hivyo" mimi huwa naukataa mbele ya mwenye nyumba. Udongo wa jirani si wako, na humuoni anavyoziba nyufa kila mwaka.

Mhandisi wa Zamu

Naomba niingie kwenye zege, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kuona.

Mwaka 1918 mtafiti wa Marekani, Duff Abrams, alichapisha matokeo ya majaribio aliyofanya Chicago yaliyoonyesha kwamba nguvu ya zege inategemea zaidi uwiano wa maji na saruji. Miaka zaidi ya mia imepita na bado kwenye saiti nyingi mtu anapima saruji kwa mfuko, mchanga kwa karai, kokoto kwa karai, halafu maji anamwaga kwa mpira hadi macho yaridhike.

Saruji yenyewe, ili igande, inahitaji maji takriban robo ya uzito wake. Kwa mfuko wa kilo 50 ni kama lita 12. Mengine yote ni ya kulainisha ili zege limwagike. Yakikauka yanaacha vitundu. Zege la kawaida la nyumba, lita 25 kwa mfuko zinatosha, na mchanga ukiwa umelowa mvua, punguza. Ukifika lita 35, theluthi ya nguvu au zaidi imekwenda, na saruji uliyonunua ni ileile.

Kwa hiyo, ushauri wangu wa kwanza kwa mleta uzi: nunua ndoo mbili za lita 20, zichore mistari kila lita tano, na umkabidhi mtu mmoja tu kazi ya maji. Mwingine yeyote asiguse mpira.

Pili, kumwagilia. Zege halikauki ili liwe gumu, linakunywa maji ili liwe gumu. Ukiliacha likauke siku ya pili, limeacha kukua. Siku 7 kwa uchache, usiku na mchana libaki limelowa. Funika kwa magunia mabichi au nailoni, au zungushia kingo za mchanga na ujaze maji juu ya jamvi. Kipimo cha nguvu kamili huchukuliwa siku ya 28, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupatikana ile wiki ya kwanza.

Saidia Fundi

Mhandisi, nakuheshimu, ila naomba niseme ya sisi tunaobeba karai. Zege gumu halishuki kwenye nguzo yenye ringi (vyuma vinavyozungushia nondo) zilizobanana. Unalisukuma kwa kipande cha nondo, unafikiri limejaa, ukifungua mbao unakuta mashimo kama sega la nyuki na nondo zinaonekana. Mwenye nyumba anatupigia kelele sisi. Ndiyo maana tunaongeza maji. Si kwamba tunapenda kumwibia mtu nguvu. Na mashine ya kutetemesha haikodiwi kwenye kazi zetu, mwenye nyumba anasema ni gharama.

Mhandisi wa Zamu

Ndugu yangu, umesema kweli na nakubaliana nawe. Nguzo yenye mapango ni mbaya kuliko nguzo yenye maji kidogo ya ziada. Lawama hapo ni ya mwenye nyumba. Mashine ya kutetemesha ikikodiwa kwa siku za nguzo, mihimili na slabu tu, inalipa kwa saruji itakayookolewa. Isipopatikana kabisa, tumieni kokoto ndogo zaidi kwenye nguzo, mmwage kwa tabaka fupi fupi, mchomechome kila tabaka na kugonga mbao kwa nyundo ya mpira kutoka nje. Na ikibidi zege lilainike, ongezeni maji pamoja na saruji kwa uwiano uleule. Maji peke yake hapana. Vilevile zege lililokaa saa nzima juani likaanza kushika lisirudishiwe maji. Hilo limeshaondoka.

Mleta uzi

Hili la Saidia Fundi limenigusa. Kwenye nyumba ya kwanza nilikataa kukodi mashine, na nguzo moja ya varanda ilitoka na pango la kuingiza ngumi. Tuliziba kwa saruji na kuendelea. Nguzo za nyumba ya mama nimeshazitengea mashine.

Nondo je? Dukani unaambiwa ni milimita 12 na jicho halitofautishi.

Mhandisi wa Zamu

Pima kwa mzani. Kanuni ni rahisi: chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Nondo ya 12 ni kilo 0.888 kwa mita, kwa hiyo ile ndefu ya mita 12 iwe karibu kilo 10.7. Ya 10 ni karibu kilo 7.4. Mzani ukisoma kilo 9 kwa nondo unayouziwa kama ya 12, hiyo ni ya 11, na umepoteza asilimia 16 ya chuma. Pima tano pamoja ili kosa la mzani lipungue.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko unene: nondo ikae mahali pake. Zege ni hodari kwa kubanwa na dhaifu kwa kuvutwa. Nondo huwekwa pale zege linapovutwa. Slabu iliyolala juu ya kuta mbili huvutika upande wa chini katikati. Balkoni inayochomoza nje haina ukuta mbele, kwa hiyo huvutika upande wa juu. Nondo kuu za balkoni zikae juu. Nimefika saiti nikakuta zimesukwa vizuri, juu kabisa, mafundi wakapita nazo na matoroli siku ya kumwaga, zikakanyagwa zikalala chini. Hakuna aliyezirudisha. Nilisimamisha kazi zikainuliwa upya juu ya viti vya nondo, tukaweka mbao za kupitia juu yake.

Kila nondo izungukwe na zege. Katikati yake na mbao za chini ya slabu pawe na sentimita mbili na nusu, na kwenye msingi unaogusa udongo sentimita tano hadi saba na nusu. Mfinyange vipande vidogo vya zege vyenye unene huo wiki moja kabla, mviweke chini ya nondo. Msiweke mawe wala vipande vya mbao. Na nondo mbili zikiungana zipitane mara 50 ya kipenyo, yaani ya 12 zipitane sentimita 60. Wasukaji wakiishiwa nondo hapo ndipo hubana.

Mwiko na Timazi

Niongeze la mbao. Watu wana haraka ya kufungua ili wakaone. Mbao za ubavuni mwa nguzo na mihimili unaweza kutoa baada ya siku moja au mbili. Miti inayoshikilia slabu iache siku 14, na chini ya mihimili mirefu siku 21. Usimruhusu mtu aazime mti wowote hapo chini kwa ajili ya kazi nyingine.

Kuhusu mchanga: chukua chupa inayoonyesha, weka mchanga nusu, maji na kijiko cha chumvi, tikisa, iache saa tatu. Mchanga utakaa chini, tope litalala juu yake. Tope likizidi sehemu 8 kwa 100 ya mchanga, rudisha gari. Mchanga wenye tope unakufanya uongeze maji, na mnarudi kulekule.

Mjenzi wa Mbali

Wakuu, mimi nafanya kazi mbali na ninapojenga. Naenda mara moja kwa mwezi. Nitamsimamiaje fundi?

Mama wa Boma

Kaka, nilikuwa kama wewe mwaka wa kwanza. Nilichojifunza: mlipe fundi kwa hatua, usimlipe kwa siku wala usimpe nusu mwanzoni. Na hatua ziandikwe kwa kitu kinachoonekana. "Msingi umekwisha" haieleweki. "Jamvi limemwagwa na limelowanishwa siku saba" inaeleweka.

Hesabu ya saruji ndiyo macho yako ukiwa mbali. Jamvi la mita 10 kwa 8, unene sentimita 10, ni meta za ujazo 8. Kwa mchanganyo wa moja, mbili, nne, kila meta ya ujazo inakula kama mifuko 6 na kidogo, jumla hapo 51 au 52 pamoja na inayopotea. Ukiambiwa imeisha 35, jamvi lako ni jembamba au halina saruji. Ukiambiwa 80, kuna mifuko imetoka usiku. Mimi naagiza mifuko mitupu ihifadhiwe, nikifika nazihesabu. Saruji yenyewe ilazwe juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, na usinunue ya miezi mitano ijayo. Ikikaa sana inashika mabonge na nguvu inapungua.

Siku tatu usikose kuwepo, hata ukiomba ruhusa kazini: siku ya kupima na kupigia kamba, siku ya kumwaga msingi, na siku ya kumwaga jamvi. Ukikosa siku ya kupaka rangi haina neno.

Mwiko na Timazi

Dada umenena. Siku ya kamba mwenye nyumba aje na futi kamba yake. Pima mita 3 upande mmoja wa kona, mita 4 upande wa pili, mshazari uwe 5 kamili. Halafu pima mishazari miwili ya nyumba nzima, iwe sawa. Ikitofautiana sentimita tano, utaiona siku ya kupanga marumaru: ukutani huku kigae kizima, kule kipande chembamba kama rula.

Mleta uzi

Mjenzi wa Mbali, ongeza na picha. Kila kinachofukiwa kipigwe picha na futi kamba ikiwa imelazwa juu yake. Mimi bomba la maji la bafuni sikulipiga picha. Miaka miwili baadaye fundi alitoboa ukuta kuweka kioo, akaingia kwenye bomba moja kwa moja.

Tuzungumzie mabomba sasa.

Saidia Fundi

Nimefanya na mafundi bomba miaka minne. Bomba la inchi 4 la maji taka lishuke sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Likilala, uchafu unaganda ndani. Kila linapokata kona weka chemba, kwa sababu siku likiziba utahitaji pa kuingizia waya. Kona kali ya nyuzi 90 chini ya sakafu ikwepwe, tumia mbili za 45. Bomba lilazwe juu ya mchanga, likifunikwa na mawe ya jamvi bila mchanga linapasuka siku ya kushindilia.

Na kabla ya kumwaga zege, zibeni mwisho, jazeni maji, mweke alama, mrudi kesho yake asubuhi. Maji yakishuka kuna kiungo kinavuja. Tumewahi kukuta viungo viwili havina gundi kabisa, vimechomekwa tu. Vingefukiwa hivyo.

Mwenye kisima, shimo la maji taka liwe mbali nacho. Mita 30 ndiyo inayotajwa mara nyingi, na liwe upande wa chini wa mteremko.

Mjenzi wa Mbali

Asanteni sana. Na paa? Nimependa ile nyumba ambayo paa halionekani, kuta zinapanda juu na kulificha.

Mwiko na Timazi

Inapendeza, sikatai. Ila jua unachonunua. Paa la kawaida linamwaga maji nje ya nyumba. Lile la kuficha linayakusanya ndani ya mfereji ulio juu ya kuta zako. Jani moja likiziba tundu, mfereji unajaa na maji yanateremka ndani. Ukilitaka kweli, mfereji uwe mpana wa mtu kutembea ndani yake akisafisha, uwe na mteremko wa kuonekana, uwe na matundu mawili ya kutolea kila upande hata kama moja linatosha, na juu kidogo ya hayo pawe na bomba la tahadhari linalochomoza nje. Ukiona linamwaga maji nje ujue chini kumeziba. Na uwe mtu wa kupanda kusafisha kila kabla ya mvua. Kama huwezi, piga paa la mteremko lenye ukingo unaotoka nje ya ukuta nusu mita au zaidi. Litakuwekea ukuta mkavu na dirisha lenye kivuli.

Kwa paa lolote, kenchi (fremu zinazobeba paa) zifungwe kwenye mkanda wa zege ulio juu ya kuta kwa vyuma vilivyoachwa wakati wa kumwaga. Watu wanafikiri paa linahitaji kuzuiwa lisianguke. Upepo hulivuta juu.

Mama wa Boma

Nichomekee la ngazi, kwa wenye ghorofa. Ndugu yangu alimwaga ngazi, kila hatua sentimita 17, nzuri. Kisha sakafu ya chini ikapigwa saruji ya kusawazisha na marumaru, sentimita tano zikapanda. Hatua ya kwanza ikabaki 12, nyingine zote 17. Kila mgeni anajikwaa pale, na baba yetu ameanguka mara mbili. Fundi apime ngazi kutoka sakafu itakayokuwepo mwisho. Milango vivyo hivyo.

Mleta uzi

Wakuu, narudi na taarifa. Tulichimba mashimo matatu. Tabaka jeusi lilikuwa sentimita 70 hadi 90, chini yake udongo mwekundu mgumu. Mhandisi alikuja akaangalia, akasema tushuke hadi mwekundu pande zote na tutoe jeusi lote ndani ya nyumba, tujaze kifusi cha changarawe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lilowanishwe na kushindiliwa kwa mashine. Imekula bajeti ya dari na ya madirisha ya mbele. Mama nimemweleza, akasema madirisha ya mbele yatafungwa mbao kwanza, hana shida.

Juzi ilikuwa siku ya jamvi. Mawe yamepangwa, mchanga sentimita tano juu yake, nailoni imetandazwa. Nikatembea juu ya mbao kuikagua. Karibu na chumba cha mama nikaona ncha ya jiwe imechomoza kupitia mchanga, na nailoni imetoboka tundu la kidole. Mita mbili mbele, kipande kimeishia sentimita kumi kabla ya kufika ukutani, wakati kilitakiwa kupanda ukutani na kukutana na karatasi ya DPC. Mashine ya kuchanganyia ilikuwa imeshawashwa, vijana kumi na wawili wamesimama na makarai.

Nilizima mashine. Msimamizi wa vijana alinuna, akasema tundu la kidole haliwezi kudhuru nyumba. Nikampelekea simu yenye picha za ule ukuta wangu wa chumba cha kulala. Akaangalia, akawaita wawili, wakafunua nailoni, wakagonga ncha ya jiwe kwa nyundo, wakaongeza mchanga. Tukaweka kiraka kilichopitana sentimita 30 kila upande na kukifunga kwa gundi ya mkanda, na ule upande uliopungua tukauongezea kipande hadi kikapanda ukutani. Ilichukua saa moja na robo.

Mhandisi wa Zamu

Safi sana. Na maji?

Mleta uzi

Lita 24 kwa mfuko, mchanga ulikuwa na umande. Saidia fundi mmoja alipewa ndoo zenye mistari, akakaa nazo hadi mwisho, hakuna aliyegusa mpira. Mifuko 54 kwa meta 8 na nusu.

Mama wa Boma

Mlimaliza saa ngapi?

Mleta uzi

Saa moja jioni, kwa taa. Jana asubuhi tukazungushia kingo za mchanga na kujaza maji. Sasa hivi niko hapa nimekaa juu ya tofali, nasikiliza jamvi linavyokunywa. Chumba cha mama kimenyonya haraka kuliko vingine kwa sababu jua la mchana linapiga pale, nimekiongezea magunia mawili. Nitalala hapa saiti hadi siku ya saba.